Aliyempeleka kipa sokoni ni mimi

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile sauti ya dakika tatu ya rafiki yangu wa bodaboda, naomba na mimi niongee. Anasema nimehongwa. Eti wale wa ng'ambo ya reli, wapinzani wetu wa fainali ya juzi, walinirushia laki mbili kwenye simu, ndiyo maana kipa wetu kila tuta, yaani penati, alikuwa anaruka kule mpira usikokwenda. Jamani. Mimi nikipata laki mbili mtaa mzima si mngejua kabla ya adhuhuri? Sijahongwa. Nimefanya ujinga wa bure, wa kujitolea, na kidhibiti kiko hapa mezani: chupa ya maji ya lita moja na nusu, karatasi bado imeng'ang'ania kwa selotepu. Kuhongwa kungekuwa na heshima kidogo.

Timu yetu mnaijua. Kwenye makundi ni Brazil. Mwaka huu mabingwa watetezi tumewapiga tatu bila, watu wakabeba wachezaji mabegani mpaka kwa muuza supu. Ikifika fainali tunakuwa kama watu waliokutanishwa asubuhi hiyo hiyo na kugawiwa jezi. Fainali tatu, mbuzi watatu. Bingwa anachukua ng'ombe, wa pili mbuzi, na ndiyo maana watoto wakituona na viatu mabegani wanaanza kulia "meee". Mimi ni Simba, haya majina ya utani nimeyazoea. Nimeishi na Mwakarobo miaka yote ile tuliyokuwa tunagota robo fainali. Tukaja kutoka huko, tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025, Berkane wa Morocco wakatupiga 2-0 kwao na tukatoka 1-1 pale Amaan, Zanzibar. Yaani nina uzoefu wa kuumia kitaifa na kimataifa.

Kamati ya ufundi, wale wazee wetu wa ndumba, inasema ni mambo ya watu. Safari hii ikatuzuia kupita getini, tukapanda ukuta. Bukta mbili zikachanika hata kabla ya kupasha misuli. Mimi kocha msaidizi, mtu wa daftari, nawaambieni hakuna mtu aliyetufanyia kitu. Angalieni tu tunavyocheza. Mechi ya kawaida mabeki wetu wanasogea mpaka karibu na mstari wa kati, viungo wako hatua kumi mbele yao, mpira ukipotea tunaunyakua pale pale. Kwenye fainali, tukipata bao, mabeki wanaanza kurudi. Hakuna aliyewaambia warudi, miguu inarudi yenyewe. Straika anabaki juu akisubiri muujiza, katikati panafunguka uwanja wa kuanikia mpunga, na kila mpira tunaobutua unamkuta namba 6 wao kasimama peke yake, anauchagulia pa kuurudisha. Unaokoa mara ishirini, lakini ni shambulizi lile lile moja ambalo haliishi.

Juzi tulifunga dakika ya 12. Kufika dakika ya 60 tulikuwa kumi ndani ya nusu yetu. Dakika ya 80 tukamtoa beki mmoja ili kula muda, akatoka kwa mwendo wa bibi harusi, tukashangilia ujanja wetu. Yule beki ndiye aliyekuwa na kazi ya kusimama nguzo ya karibu kwenye kona. Aliyeingia hakuambiwa. Wa kumwambia alikuwa kocha msaidizi. Dakika ya 88, kona, mpira ukadondoka nguzo ya karibu, kichwa, moja moja. (Hili rafiki yangu hakulisema kwenye sauti yake. Ninaongeza mwenyewe, mjue nina roho safi.)

Mashindano yetu hayana dakika za nyongeza, ni matuta moja kwa moja. Na hapo, wallahi, mimi nilifurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matuta kuliko mtu yeyote Buguruni.

Simba imetolewa kwa matuta na Orlando Pirates kule Soweto 2022, ikatolewa kwa matuta na Wydad kule Casablanca 2023, zote mbili 4-3. Watani wa Yanga nao wakaenda Pretoria 2024, bila bila nyumbani, bila bila ugenini, wakafa kwa matuta 3-2 mbele ya Mamelodi. Nikajiambia haya mambo si bahati nasibu, yana darasa lake. Kombe la Dunia 2006, robo fainali, Jens Lehmann wa Ujerumani alikuwa na kikaratasi kwenye soksi, kimeandikwa wapigaji wa Argentina, akadaka mawili. La mwisho lilikuwa la Cambiasso ambaye hata hakuwemo kwenye karatasi. Lehmann akaitoa tu, akaisoma taratibu kama anasoma barua ya posa, na jamaa akakosa. Euro 2024 Jordan Pickford akabandika maelekezo kwenye chupa ya maji, Akanji wa Uswisi akapiga, akadaka, England wakasonga mbele.

Chupa! Chupa hata mimi ninayo.

Wale wa ng'ambo ya reli walikuwa wametoka nusu fainali kwa matuta pia, na mimi nilikuwepo na daftari. Mnaujua uwanja wetu: hauna jukwaa, matuta yakianza watu wote wanaingia mpaka kwenye boksi. Nikapenya, nikasimama pale kwenye nusu duara, nyuma kabisa ya mpigaji, nafasi nzuri kuliko ya mwamuzi. Nikaandika wote watano. Namba 7 kushoto. Namba 10 kulia. Namba 4 kushoto. Namba 9 kulia. Namba 11 kushoto. Usiku nikanakili kwa kalamu nene, nikabandika, nikamkabidhi kipa siri ya ushindi.

Mliokwisha kuelewa, naomba mcheke kimya kimya. Wengine bado wanasoma.

Kwa nini karatasi ni kitu kikubwa kwa kipa: tuta linapigwa mita 11 kutoka golini, na likipigwa vizuri mpira unafika kabla hata nusu sekunde haijaisha. Goli lina upana wa mita 7.32. Kipa akisubiri auone mpira unakokwenda ndipo aruke, ataokota nyavuni. Lazima awe ameshaamua. Tena kwa sheria za sasa lazima mguu mmoja uwe bado kwenye mstari wakati mpira unapigwa, zile hatua tatu za wizi za zamani hakuna. Basi kipa wa kawaida anabahatisha, na akibahatisha tano, mbili au tatu anaotea upande. Kipa mwenye karatasi habahatishi. Anakwenda moja kwa moja, mwili mzima, kwa imani.

Wao wakaanza. Namba 7 akaweka mpira. Dogo wetu akaenda kwenye chupa nyuma ya nguzo, akasoma, akatikisa kichwa kama daktari. Filimbi. Dogo akaruka kushoto kwake, karuka vizuri mno, kanyooka kama kamba ya nguo. Mpira ukaingia kulia kwake, taratibu, unaviringika. Mtangazaji mwenye spika akapiga kelele: kipa sokoni, mpira gengeni! Sisi tukafunga la kwetu. Moja moja.

Namba 10. Dogo akasoma chupa, akaruka kulia kwake. Mpira ukaenda kushoto. "Kipa sokoni tena!" Nikamwambia kocha mkuu, huyu namba 10 leo kabadilisha, ana wasiwasi. Niliongea kwa sauti ya mtaalamu. Tukafunga. Mbili mbili.

Namba 4. Dogo akasoma, kushoto kwake, jumla, mpaka mkono ukagusa nguzo. Mpira kulia. Mtangazaji: "Huyu kipa ana duka kule?"

Hapo ndipo kitu kikapanda kutoka tumboni. Nikanyanyua mkono wangu wa kushoto, nikautazama. Nikageuka nikatazamana na kocha mkuu, nikautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa upande wa pili. Nikarudia, labda kuna makosa. Mtu aliyesimama nyuma ya mpigaji analitazama goli. Kipa anautazama mpigaji. Kushoto kwangu mimi niliyekuwa kwenye nusu duara ni kulia kwa dogo aliyeko mstarini. Karatasi nzima ilikuwa sahihi kwa asilimia mia, kwa mtu yeyote aliyetaka kupiga penati kama wao. Kwa anayetaka kudaka, ilikuwa ramani ya kukimbia mpira.

Na mabaya zaidi, ule uchunguzi wangu ulikuwa mzuri! Wote watatu walipiga kule kule walikopiga nusu fainali. Laiti ningemwambia dogo "fumba macho, ruka unakopenda", angedaka hata moja. Mimi nilihakikisha hadaki. (Mnaotaka kuandaa chupa zenu: usiandike mpira unakokwenda. Andika kipa afanye nini, RUKA, na mshale, tena chora ukiwa umesimama golini na mgongo kwa nyavu.)

Tuta letu la tatu silizungumzii sana. Straika wetu aliweka mpira, akaupa goli mgongo, akageuka, filimbi haijamaliza kulia keshapiga. Geir Jordet, profesa wa Norway anayechunguza matuta, anasema wanaokimbilia kumaliza ndio wanaokosa zaidi. Pumua kwanza, filimbi si mbio za mita mia. Mpira ukapita juu ya mtambaa panya, mpaka kwa mama muuza mihogo. Mazoezini huwa tunapiga tukiwa tunacheka, tatu tatu, tumesimama pale pale. Ule mwendo wa peke yako kutoka duara la kati, mtaa mzima unakuangalia, hatukuwahi kuufanyia mazoezi hata siku moja.

Tatu mbili. Namba 9 wao anatembea. Karatasi inasema kulia.

Sheria inasema wakati wa matuta benchi libaki nje ya uwanja. Mimi nikatoka mbio kwenye mstari wa pembeni, na ndala, nikiruka watoto na ndoo ya barafu, mpaka karibu na kibendera cha kona. Dogo ameshasoma chupa, ameshafika mstarini, ameshatanua mikono. Nikaweka viganja mdomoni:

"KINYUME! SOMA KINYUME! KULIA NI KUSHOTO!"

Uwanja ukanyamaza. Nawaapia, hata spika ilinyamaza. Dogo akanigeukia. Niliiona ile sura, ni sura ya mtu anayehesabu kurudi nyuma: la tatu, la pili, la kwanza. Akanielewa. Mwamuzi akaja akanipa kadi ya njano, nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Shida ni kwamba namba 9 naye ana masikio. Chupa ameiona tangu tuta la kwanza, amemwona kipa anaisoma, sasa anasikia mtu mzima analia "kulia ni kushoto". Akausogeza mpira kwenye kidoti, akautazama, akanitazama mimi. Akatabasamu.

Filimbi. Dogo, mtiifu, akaruka kushoto kwake kama nilivyomwagiza. Namba 9 akabadilisha. Mpira ukaingia kulia. Kulia kwa dogo. Kule kule karatasi ilikokuwa imesema.

Someni tena hapo juu kama hamjapata. Mara moja tu katika jioni nzima ile karatasi ilikuwa inasema kweli kwa kipa, na mara hiyo ndiyo nilikimbia mita hamsini kumzuia asiiamini.

Nne mbili. Nahodha wetu akagonga mwamba, mpira ukarudi, kwisha. Wakaingia uwanjani, ng'ombe akashtuka, akakata kamba, akakimbizwa mpaka relini, akarudishwa. Tukapewa mbuzi. Kocha mkuu hajaniongelesha. Kamati ya ufundi imesema inanichunguza, maana hata wao uchawi wa namna hii hawajawahi kuufanya. Hapo ndipo sauti ya bodaboda ikaanza kutembea, na asubuhi mama mkwe akanipigia kuuliza kama ile laki mbili imebaki kidogo.

Jana usiku hodi mlangoni. Ni dogo, kipa, na mfuko mweusi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Mgao wako huu. Wamekupa paja la kushoto."

Nikaupokea. Nikatafuta neno la kumwambia, nikakosa.

"Kaka," akasema, sura imekauka kabisa, "kushoto kwa mbuzi au kushoto kwa aliyemchinja?"

Hakucheka. Akaaga kwa adabu, akaondoka. Alipokata kona tu ndipo nilipowasikia wakiangua kicheko. Walikuwa wawili, na pikipiki ilikuwa inanguruma.