Modemu inapiga mluzi, halafu kimya

Jamani, modemu hii, kifaa cha kuunga kompyuta na laini ya simu, imenichosha! Mimi niko mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, kompyuta ya kazini iko mjini, safari ya daladala moja tu, lakini kuziunganisha kwa simu ya mezani ni vita kila jioni. Ya nyumbani inapiga, ya ofisini inapokea, zinapigiana mluzi na kukoroma, halafu kimya. Imekata.

Boksi limeandikwa 56k, yaani kilobiti 56 kwa sekunde. Kasi hiyo huipati mpaka upande wa pili uwe umeungwa kidijitali na mtambo wa simu. Modemu mbili za kawaida zikipigiana mwisho wake ni kilobiti 33.6 kwa sekunde, na laini ikiwa na kelele zinashuka zaidi. Mbona wauzaji hawasemi?

Jana nimeinua mkonga wa simu nikasikiliza: krrr, krrr, kama karanga zinakaangwa. Nikafuata waya hadi kwenye kiboksi cha ukutani. Kiungio kimeota kutu ya kijani, na vumbi letu hili la Dodoma limejaa humo ndani. Nikakwangua kwa wembe, nikakaza skrubu, ikashika dakika 20 nzima. Mara dada akainua simu ya sebuleni, iliyo kwenye laini hiyohiyo, faili lililokuwa linapita likafia asilimia 90!

Fundi wa laini nimemwita tangu Jumatatu. Hajatokea.