Bakteria mpya wa udongo wa chumvi: jenomu inatosha?

Tangu 2022, kwa utaratibu uitwao SeqCode, bakteria anaweza kupewa jina la spishi kwa jenomu yake tu, yaani DNA yake yote, hata kama hakuna aliyewahi kumwotesha maabara. Kanuni ya zamani inadai zaidi: kielelezo hai kihifadhiwe kwenye benki mbili za bakteria, katika nchi mbili tofauti, na kipatikane kwa anayekihitaji.

Wanaotetea jenomu wana hoja nzito. Bakteria wengi wa udongoni hawajawahi kuota kwenye sahani za maabara. Tena kipimo cha mazoea, jeni moja iitwayo 16S yenye herufi za DNA zipatazo 1,500, hupotosha. Bakteria waliojulikana kama Bacillus globisporus na Bacillus psychrophilus hufanana kwa zaidi ya asilimia 99.5 kwenye jeni hiyo, lakini DNA yao yote ilipolinganishwa, ilionekana wazi kuwa ni spishi mbili. Ukilinganisha jenomu nzima, mpaka unaonekana vizuri zaidi: ufanano ukishuka chini ya asilimia 95 hivi, huyo ni spishi nyingine.

Hapo nakubali. Ninapokwama ni kwenye chumvi yenyewe.

Kuna bakteria wanaovumilia chumvi, na kuna wasioweza kuishi bila hiyo. Jenomu itakuonyesha jeni za kutengeneza ektoini, molekuli ndogo ambazo seli hujijaza ili isinyonywe maji na chumvi iliyo nje. Lakini wote wawili wanaweza kuwa nazo. Ili kumjua uliye naye inabidi umwoteshe: sahani moja bila chumvi, nyingine asilimia 3, 10, 20, kisha usubiri, pengine wiki kadhaa. Agari, ile jeli ya kuoteshea, ikikauka, fuwele za chumvi huchomoza juu yake, na kwa macho matupu ni rahisi kuzidhania makoloni, yaani vikundi vya bakteria vilivyoota. Ndiyo maana sahani hufungwa ndani ya mifuko, na kila kitone hukaguliwa kwa hadubini kabla mtu hajafurahi. Hata ektoini yenyewe ilitambuliwa, mwaka 1985, ndani ya bakteria aliyekuwa akioteshwa maabara.

Kwa hiyo anayeita spishi yake mpenda chumvi bila kumpima kwenye sahani ametangaza tabia ambayo hajaiona. Na akimpima, asiishie kwenye kielelezo kimoja kama inavyofanyika mara nyingi mno. Kimoja hakikuonyeshi spishi inatofautiana kiasi gani.

Lakini sharti la benki mbili lina dhuluma ndani yake. Itifaki ya Nagoya, inayotumika tangu 2014, inatambua haki ya nchi juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Mtafiti ambaye sheria ya kwao inazuia kielelezo kupelekwa nje ya nchi bila masharti anaweza kumaliza vipimo vyote na bado jina alilompa bakteria lisikubaliwe. Huyo hakukosea lolote maabara. Kwake njia ya jenomu inapaswa kuwa wazi, mradi aambatanishe matokeo ya sahani zake.