Ampli ya kuunga mwenyewe au ya dukani: ikizima, anaitwa nani?

Hapa Uyole, Mbeya, ukitaka kuwagonganisha wanakwaya, waulize kama pesa ya vyombo inunue ampli (kikuza sauti) na spika za dukani, au apewe kijana mwenye pasi ya kulehemu aunge kila kitu kwa bei ya chini. Mimi ni mmoja wa hao vijana, ingawa ujana wenyewe umeanza kunikimbia, kwa hiyo msomaji ajue mapema nimekaa upande gani.

Sisi waungaji tuna hoja nzito. Geuza sabufa ya bei rahisi uisome mgongoni. Mbele wamebandika maelfu ya wati, PMPO (eti nguvu ya kilele cha muziki) kwa herufi za dhahabu. Nyuma, karibu na waya wa umeme, maandishi madogo yanakiri kwamba inakula wati 60. Hakuna kifaa kinachoweza kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko ile kinayokula. Zile elfu ni za kuuzia tu.

Sasa chukua LM3886, chipu ya miguu 11 iliyotoka National Semiconductor, kampuni ambayo Texas Instruments iliinunua mwaka 2011. Karatasi yake ya maelezo inakuambia wazi: wati 68 mfululizo kwenye spika ya omu 4, ukiipa volti 28 kila upande, juu na chini ya sifuri. Mchoro wa kuiunga umo humo humo. Transfoma ya 20-0-20 (volti 20 kila upande wa waya wa kati) ikipita kwenye dayodi na kapasita inakupa karibu na hizo 28. Anayeunga anajua alichonacho. Anayenunua kwa kusoma kibandiko anabahatisha.

Na wati zenyewe tunazikuza mno. Ukiongeza nguvu maradufu, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo mzee wa kanisa aliyekaa benchi la nyuma huenda asiitambue. Spika ndiyo yenye maneno. Yenye uwezo wa desibeli 98 kwa wati moja inafanya kwa wati 10 kazi ambayo ile ya 88 inaifanya kwa wati 100. Hapo ndipo nyanda zetu za juu zinapobarikiwa: boksi la spika ni mbao, na mbao tunazo. Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill, wanatengeneza plaiwudi, na fundi seremala mzuri akipewa vipimo anakutolea boksi ambalo halitetemeki hovyo. Katika kuunga mwenyewe, boksi ndilo ninaloweza kulitetea bila kigugumizi.

Ampli ni habari nyingine. Kwaya yetu iliniamini nikawaungia ya LM3886 mbili. Nyumbani ikaimba vizuri. Kanisani, Jumamosi jioni, tukawasha: mmmmm, kama nyuki kwenye mzinga. Nikabadilisha kapasita, bado. Nikabadilisha waya wa maiki, bado. Mwenyekiti wa kwaya akaja akasimama juu yangu, mikono nyuma. "Fundi, kesho tunaimba na nini?" Nilikuwa na jibu gani?

Kosa nililiona wiki iliyofuata. Hasi, yaani waya wa kurudi, ya sauti inayoingia nilikuwa nimeipitisha kwenye kipande kilekile cha waya kinachorudisha umeme wa kapasita kubwa. Kila kapasita inapojazwa, mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa mizunguko 50, volti kidogo inabaki kwenye ule waya na chipu inaikuza kwa uaminifu wote. Dawa yake ni kuleta hasi zote kwenye nukta moja, kila moja kwa waya wake. Kazi ya robo saa. Lakini Jumapili ilikuwa imeshapita, kwaya imeimba kwa vyombo vya kuazima.

Ampli ya dukani imeshavuka makosa kama hayo kabla haijafika kwako. Ile nzuri ina saketi inayokata spika ampli ikiharibika, umeme usije ukapita ukaunguza koili, ina fyuzi sahihi, na bodi lake la chuma limeungwa na waya wa ardhini. Sisi mara nyingi hayo tunayaacha "tutamalizia baadaye". Nimeona ampli ya kuunga iliyofungwa kwenye debe, waya wa volti 230 umepita kwenye tundu lenye ncha bila hata mpira wa kuuzuia. Hapo hatuzungumzii tena ubora wa sauti.

Vipuri navyo vinatuumbua. Niliwahi kununua transista mbili za C5200 zikafa usiku wa kwanza. Nikaibana moja kwa koleo, nikaipasua: kile kipande cha silikoni ndani kilikuwa kama punje ya ufuta, wakati halisi inapaswa kuwa na milimita kadhaa kila upande. Ila hata ampli za dukani zisizojulikana zilikotoka zimejaa hizohizo, na ukiuliza waranti unaambiwa uirudishe Dar, zaidi ya kilomita 800.

Kuhusu mtaalamu wa kufunga mitambo, tunamlipa kwa masikio yake. Kanisa refu lenye paa la bati linarudisha sauti kama korongo, na spika zikikaa nyuma ya maiki mluzi hauishi hata ampli ingekuwa ya dhahabu. (Mvua ya Februari ikipiga bati, huyo naye atasubiri inyamaze kama sisi wengine.)

Kwa hiyo nilipoulizwa tena, nilishauri hivi: ampli inunuliwe, ya jina linalojulikana, na kabla ya kulipa ipelekwe Mwanjelwa fundi aifungue aone kama vipuri vyake vinapatikana hapa hapa Mbeya. Mtaalamu alipwe siku moja ya kupanga spika. Mabokisi tuyajenge wenyewe. Walikubali, ingawa mhazini alinuna kwa sababu ya bei.

Ampli yangu niliirudisha nyumbani, iko sebuleni. Ukiweka sikio kwenye spika usiku kukiwa kimya, bado inavuma kidogo. Mke wangu anasema hasikii kitu.