Unasusiaje Windows wakati hata hukuinunua?

Mwaka juzi nilivyokuja likizo Mtwara nilibeba laptopu mbili za mtumba, nilizipata hapa Munich kwa jamaa anayeuza mashine zilizotolewa maofisini, nikampelekea mpwa wangu mwenye kasteshenari kake Chikongola, mnajua zile za kutoa kopi, lamineshini, picha za pasipoti na siku hizi zaidi maombi ya kazi na mikopo. Kabla ya safari nilikaa wikendi nzima naziwekea Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, bure kabisa, maana mi nilishaapa siku nyingi kwamba Microsoft, wenye Windows yao, hawataiona senti yangu tena. Nikamfundisha siku tatu, kila kitu ananiitikia ndiyo mjomba, sawa mjomba.

Nimerudi Ujerumani hata wiki mbili hazijaisha, napiga simu ya video, nyuma yake naona skrini ina yale maandishi ya kijivu kona ya chini kulia, yale ya kukukumbusha kwamba Windows yako haijalipiwa. Nkamuuliza we kijana umefanya nini? Akacheka. "Mjomba usikasirike, fundi kaja kapiga windo, 15,000 tu zote mbili."

Nilinuna siku mbili. Alafu akanihadithia. Mwalimu mmoja alikuja na flashi, ratiba ya shule kaiandika kwenye Word nyumbani kwake, ana jedwali lina rangi na masanduku kibao, mpwa kaifungua kwenye LibreOffice, ile programu ya bure inayofanya kazi kama Word, jedwali limehama, Ijumaa yote imekwenda ukurasa wa pili peke yake. Mwalimu hakugomba wala nini, kachomoa flashi yake kaenda duka la jirani. Ndo ile ukisusa wenzio wala, na hapo aliyesusa ni mimi niliyeko Munich, aliyekosa hela ya kula ni yeye.

Hapa Ulaya kususa ni kitu cha heshima kabisa. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima, ana orodha ndefu ya vitu asivyonunua, chokoleti hii hapana, maji yale hapana, na watu wanamsikiliza. Kwetu ukisusa chakula mama anasema mwacheni, njaa itamrudisha, na kweli saa nne usiku unanyemelea jikoni kuangalia kama ming'oko imebaki. Sasa mi nilikuja na akili za jirani yangu nikazipeleka Chikongola, nikasahau kitu kimoja kikubwa, kwamba pale hakuna mtu aliyewahi kuinunua Windows. Utamgomea vipi mwenye duka wakati hujawahi kumlipa? Bill Gates mwenyewe, mwanzilishi wa Microsoft, mwaka 1998 akiwazungumzia Wachina alisema kama wataiba basi ni afadhali waibe ya kwetu, watazoea, kulipa kutakuja baadae. Kwa hiyo kila fundi anayepiga windo ya kukraki anadhani anawakomoa kumbe anawafanyia kazi ya shamba bila posho, analima, anapalilia, watoto wa shule wanakua wakijua kompyuta ni Windows na barua ni Word.

Na msije mkadhani huku ndo wamefaulu. Jiji hilihili ninaloishi lilijaribu, na lenyewe sio mtu mmoja mwenye kinyongo kama mimi. Mwaka 2003 baraza la jiji lilipiga kura kuachana na Windows, mkubwa wa Microsoft wakati ule, Steve Ballmer, alikatisha likizo yake akaja mwenyewe kuonana na meya, ikashindikana. Wakahama taratibu, miaka kumi, mpaka 2013 kompyuta kama 15,000 za jiji zilikua kwenye Linux waliyoitengeneza wakaiita LiMux. Sisi wageni tunaokwenda kujiandikisha makazi hata tulikua hatujui, tulikua tunatetemekea fomu tu. Alafu 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Katikati hapo, 2016, Microsoft walihamishia makao makuu yao ya Ujerumani ndani ya jiji, watu wakanong'ona sana, mi sina ushahidi sisemi. Ila ukisoma malalamiko ya wafanyakazi wenyewe, mengi yalikua faili linatoka ofisi nyingine halifunguki sawasawa, programu fulani ya kazi haikubali. Yaani ni mwalimu wetu wa ratiba kabisa, tofauti yake huyu ana kiyoyozi na pensheni.

Kuna watu wanapenda kunijibu kwa korosho, wanasema mbona kusini tuligoma tukasikika. Sawa, Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei ya mnadani, na Novemba rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa 3,300 kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba. Yaliyofuata kila mtu wa kusini anayajua sirudii. Lakini angalieni ule mgomo ulikaaje. Korosho ziko ghalani zote pamoja, mnunuzi kasimama pale anazitaka, wakulima wako kwenye mkutano wa AMCOS, chama chao cha ushirika, mikono juu, hatuuzi! Mzigo ulikua wao. Sisi watu wa kompyuta mzigo wetu uko wapi? Mi nikikaa na Linux yangu hapa chumbani Munich nani anajua, hakuna mkutano, hakuna ghala, na yule niliyemsusia, hela ya Windows ya mashine yangu alishalipwa kiwandani kabla haijafika kwa mnunuzi wa kwanza, mi nimeikuta ya mtumba nikafuta kitu ambacho hela yake ilishaingia.

Hata pale watu walipogoma kweli kwa wingi ni shida. Januari 2021 WhatsApp walileta masharti mapya, dunia nzima ikapiga kelele tunahamia Signal, tunahamia Telegram, programu nyingine za kutumiana ujumbe, WhatsApp wakaogopa wakasogeza tarehe kutoka Februari 8 mpaka Mei 15. Na mimi sikubaki nyuma, nikafungua grupu la ukoo kule Signal. Tuliingia wanne. Mama yangu mkubwa akatuma sauti kwenye grupu la zamani, "mwambieni huyo wa Ujerumani harusi ya Nachingwea inapangwa huku, kama hataki kuchanga aseme." Nikarudi usiku uleule.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi kususa kwa mtu mmojammoja hakumtikisi mkubwa wa namna hii. Mahakama na tume zimejaribu, Umoja wa Ulaya uliwapiga Microsoft faini ya yuro milioni 497 mwaka 2004 na nyingine 561 mwaka 2013, wakalipa wakaendelea. Kilichoniaminisha zaidi ni kile kifo cha Internet Explorer, brauza ya Microsoft ya kuingilia mtandaoni, ilikua kila mahali ile, wameizima 2022 na hakuna mgomo ulioiua, watu walipata brauza nyingine, Firefox alafu Chrome ya Google, wakaona zinakimbia wakahama kimyakimya bila kiapo. Sema wengi wameangukia kwa Google, hapo tumeruka majivu tumekanyaga moto. Na mwenye nguvu kweli ni yule anayeamua fomu ije kwa faili gani. Jimbo la kaskazini huku, Schleswig-Holstein, lilitangaza 2024 linahamisha kompyuta kama 30,000 za serikali kwenda LibreOffice, hao ndo nawaangalia, kwa sababu serikali ikikutumia faili lake wewe ndo utahangaika kulifungua, sio yeye. Na sisi tulishakua na pa kuanzia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure, menyu zote Kiswahili, ila umeshawahi kuiona ofisi gani Lindi au Masasi? Mimi sijaiona.

Ila kuna kitu kimetokea pale dukani sikukitegemea. Virusi vya flashi vikaila ile laptopu moja, picha za pasipoti za wateja zikageuka shotikati tupu, mpwa akanipigia kwa aibu, mjomba ile yako ya bure unaweza kunielekeza tena? Nikamwelekeza kwa simu, bando lake likaisha mara mbili. Sasa ile moja ina Linux, kaiweka upande wa maombi ya mkopo wa Bodi na ajira, maana kule kila kitu ni kwenye brauza tu, hakuna jedwali la kuhama. Ya pili imebaki na windo ya fundi kwa ajili ya walimu.

Juzi nipo naye kwenye video nasikia mteja anamuuliza mbona hii inaonekana tofauti, ni windo gani hii? Mpwa hata hakugeuka.

"Hiyo windo ya Ujerumani, dada. We weka namba ya fomu foo."