Nilivyonunua memori ya GB 16 nikapoteza keki ya mama mkubwa

Kwanza mjue mi kwenye memori nimekulia. Enzi za simu za batani ukienda kibandani kuwekewa nyimbo unauliza memori yako ngapi, unasema GB 2, jamaa anakujazia mpaka kwaya ambazo hukuomba. Simu ikigoma kupiga picha tunasema memori imejaa. Kwa hiyo kwangu mimi na kwa ukoo wetu wote memori ni pale vitu vinapokaa, full stopu, na hapo ndo balaa lilipoanzia.

Miaka mitatu nilikuwa nashika kamera kwa jamaa mmoja wa video za harusi, kazi yangu kushuti tu, nikimaliza kadi nampa bosi na mambo ya kompyuta anajua mwenyewe. Mwaka jana nikasema sasa najitegemea. Kamera nikapata, ikabaki laptopu. Nikaingia Kariakoo na laki saba mfukoni, nimezigawa mara mbili, nyingine kwenye soksi, si unajua Kariakoo.

Laptopu niliyoipenda ilikuwa mpya. Yaani mpya ya Kariakoo, imetoka Dubai ina stika ya ofisi ya watu na herufi E imefutika kidogo. Laki tano na nusu, RAM, ambayo wao ndo wanaiita memori, GB 4, na HDD, ile diski ya mafaili, GB 500. Muuzaji akasema kaka kwa kazi za video hii uiongezee, fundi yupo hapo hapo. Fundi akaigeuza, bisibisi ndogo, skrubu kumi hivi, mfuniko ukatoka, nikaona matumbo yake. Akanionyesha vijinafasi viwili, akasema hapa inaingia memori ya aina ya DDR4, ukinunua ya DDR3 ya zamani kwa kuona bei rahisi haiingii hata uisukume na goti maana mkato wake umekaa sehemu nyingine. Mi natingisha kichwa kama daktari bingwa.

Akauliza, "Bosi, memori unataka ngapi?"

"Kubwa."

"Nane?"

Jamani, nane! Simu ya mama mkubwa ina memori ya 64, anatunzia picha za maua na heri ya Ijumaa, halafu mimi mtu wa video naambiwa nane. Nikahisi kaniona mshamba. Nikamwambia kaka usinichukulie poa, weka ya mwisho kabisa. Akasema tuweke nane mbili iwe 16, ukienda 32 hela yako haifiki. Nikanung'unika ila nikakubali, nikajua za kompyuta labda zinabana vitu vizuri.

"Na storeji je?"

Hapa nisamehewe. Nilidhani ananiuzia begi. Kweli kabisa, storeji, kitu cha kuhifadhia laptopu, na pale ukutani kulikuwa na mabegi yamening'inia mpaka mlangoni. Nikamjibu kwa kujiamini, "Storeji usinihangaishe, ninayo nyumbani, kubwa tu." Yeye akaelewa nina eksteno, diski ya kuchomeka kwa nje. Akasema basi safi, humu ndani tuweke SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ya GB 128 ya kuwashia tu, hii HDD niachie nikupunguzie elfu ishirini. Nikamwachia! GB 500 nimeiacha pale mezani, nikaondoka nafurahia punguzo.

Na kwa kweli laptopu iliwaka kama swichi ya taa. Wife alisimama na mwiko mkononi akasema hee, imeshawaka? Wiki nzima nikawa naizima na kuiwasha tu wageni waone.

Jumamosi ikafika sendofu ya binti wa mama mkubwa, ukumbi mmoja Tabata. Mama mkubwa ndo kanilea, kwa hiyo kazi ilikuwa ya heshima, tena bure. Yeye na mashangazi walikuwa wamefanya mazoezi ya kuingia na keki wiki tatu nzima, uani, na spika, majirani wakajua hatua zote.

Kamera yangu inakula kama GB 22 kwa saa moja, na nilikuwa na kadi mbili za GB 32. Mpango ulikuwa mwepesi, kadi ikijaa namwaga kwenye laptopu, nachomeka nyingine. Kadi ya kwanza, kuingia bibi harusi na utambulisho wa ndugu, ikamwagika vizuri. Kadi ya pili, keki, ndafu, zawadi, ikamwagika ila ule mstari wa kuonyesha nafasi ukawa mwekundu kama pilipili. Hiyo 128 kwanza ukiifungua unaikuta 119, Windows ishakaa, programu za kueditia zishakaa, kwangu ilibaki kama ghorofa ambalo wenyewe wamechukua vyumba na wewe umepewa ngazi. Nikawa najiuliza memori 16 yote imeenda wapi?

Jasho. MC anasema kamera kamera njoo hapa. Nikamvuta dogo mmoja wa ukoo, nikampa hela, kimbia kituoni kanunue flashi kubwa. Karudi anatabasamu na flashi ya TB 2, kaambiwa elfu 35 akaishusha mpaka elfu 20. Ningekuwa na akili zangu ningejiuliza TB 2 inauzwaje bei ya kuku, ila nilimpa mkono nikamwambia dogo una akili ya biashara.

Nikachomeka, ikaandika TB 2, safi. Nikachukua folda ya kadi ya pili, folda ya keki, nikaikata nikaibandika kule. Kukopi ndo kila mtu mwenye busara angefanya, mi nilikata ili laptopu ipumue. Ilichukua karibu saa nzima, mstari wa kijani unatembea polepole kama maharusi, nikala pilau yangu naiangalia. Ikamaliza, haikulalamika hata kidogo. Kadi zote mbili nikazifomati nikaendelea kushuti watu wanakula.

Jumapili jioni naifungua folda. Majina ya mafaili yapo, ukubwa upo, tarehe ipo. La kwanza linacheza, watu wa chakula wanapanga masufuria, halafu MC anapima maiki, moja mbili, moja mbili, halo, moja mbili. Dakika ishirini za moja mbili. Faili linalofuata, kiza. Linalofuata, programu inasema haijui hiki ni kitu gani.

Jumatatu asubuhi niko kwa yule fundi. Kaishika flashi hata hajaichomeka akacheka. Akasema hii ndani ina chipu ndogo, ya GB 8, imefundishwa kuongea uongo, inapokea kila kitu halafu inatupa, kuna kaprogramu kanaitwa H2testw ungekapitisha kwanza kanaijaza yote kisha kanasoma kama vitu vipo kweli. Nikamwambia sawa, basi nirudishie kutoka kwenye laptopu, si nilikata tu. Akanyamaza. Akasema bosi, hii SSD ukishafuta kitu Windows inaiambia pale pako wazi, yenyewe inapasafisha, na wewe juu yake ukamwaga vingine. Ingekuwa ile HDD yako ya zamani ungekuwa na nafasi tele, usingefuta kitu, na hata ungefuta ningejaribu kukurudishia.

Ile HDD ilishauzwa, Ijumaa. Mpaka leo elfu ishirini ile naiona usiku.

Nikazunguka ukoo mzima naomba video za simu. Nilizopata, moja imeshikwa wima na dole gumba limekaa kwenye keki, nyingine mtoto kamshuti shangazi miguu tu tangu mlangoni mpaka jukwaani. Nikaziunga hivo hivo nikaenda kwa mama mkubwa, shikamoo, nikakaa chini kabisa kwenye zulia.

Kaangalia mpaka mwisho. Akauliza, "Mwanangu, hiyo kompyuta ya laki saba haina memori?"

"Memori inayo mama, haina storeji."

"Tofauti yake nini?"

Nikamwambia mama, chukulia jikoni. Memori ni ile meza ya kukatia vitunguu, ikiwa kubwa unafanya kazi haraka, ila ukimaliza unaifuta. Storeji ndo friji, vitu vinalala humo.

Akafikiri kidogo, akavua miwani.

"Kwa hiyo umenunua meza kubwa, friji ukaliacha dukani, nyama ya shughuli yangu ukamkabidhi paka akutunzie."

"Ndiyo mama."

"Kwa elfu ishirini."

"Ndiyo mama."

Akamwita binti wa kazi aniletee chai, akasema niwekewe kwenye kikombe cha plastiki.