Mafuta ya mpelelezi wa Kigoma analipa nani?

Kila bajeti ya Mambo ya Ndani ikisomwa, Kigoma tunasikiliza magari ya polisi tu. Mangapi, ya aina gani, na wilaya ipi imekumbukwa. Magari yanahitajika, sibishi. Swali langu linawahusu askari ambao hata gari likiwepo halifiki mikononi mwao: wapelelezi, wanaobeba jalada la kesi tangu mlalamikaji anapopewa RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, hadi wakili wa serikali aseme ushahidi unatosha.

Mkoa wenyewe si mwepesi. Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe zinapakana na Burundi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 2,470,967. Ukishuka Uvinza, vijiji vya mwambao wa kusini kama Sibwesa na Kalya vinategemea boti kuliko barabara.

Sasa mvuvi wa Sibwesa avamiwe usiku, injini na nyavu ziondoke. Kabla hakujapambazuka, waliochukua wanaweza kuwa ng'ambo. Mpelelezi anatakiwa afike mapema, achore ramani ya eneo la tukio, achukue maelezo ya wavuvi wenzake kabla hawajahamia mwalo mwingine. Anahitaji petroli ya boti, posho ya kujikimu, vocha ya simu, na baadaye nauli ya shahidi. Vyote hivyo havifikii hata robo ya bei ya Land Cruiser moja, lakini ndivyo vinavyomkwamisha. Matokeo yake tunayajua sote: mlalamikaji anaombwa achangie mafuta. Mwenye boti tano atachangia na kesi yake itatembea. Mwenye mtumbwi wa kuazima ataambiwa arudi wiki ijayo. Tena tusisahau kwamba mtuhumiwa naye ana mfuko, na mpelelezi aliyezoea kuwezeshwa na upande mmoja atashindwaje kuwezeshwa na wa pili?

Sheria, kwa upande wake, imekaza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka ukomo wa siku 60 za kuahirisha shauri kwa makosa mengi katika mahakama za chini, kisha lazima iletwe hati ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa. Mwaka 2022 ikaongezwa kwamba, ukiacha makosa makubwa, mtu asishtakiwe kabla upelelezi haujakamilika. Vizuri kabisa. Ila mpelelezi amepunguziwa muda bila kuongezewa senti ya kumfikisha Kalya.

Na kwenye hayo makosa makubwa ndiko hasara inakojificha. Mtuhumiwa wa mauaji hana dhamana. Jalada linasubiri majibu ya sampuli kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, linasubiri shahidi apatikane, na yeye anasubiri ndani ya Gereza la Bangwe. Chakula chake kinalipwa na fungu la bajeti la Magereza, kwa hiyo Polisi hawaoni walichopoteza kwa kubana mafuta. Serikali ni moja, lakini vitabu vyake vya hesabu havisalimiani.

Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 na kupendekeza chombo cha kitaifa cha upelelezi kinachojitegemea. Nakiunga mkono, kwa shingo upande kidogo. Chombo kipya kitakuwa na jengo, nembo na mkurugenzi. Kama mtu wake wa Kakonko ataendelea kukodi bodaboda kwa mshahara wake, tutakuwa tumebadilisha kibao cha mlangoni.

Ningeanza na kitu kidogo zaidi: ndani ya Fungu 28 la Jeshi la Polisi, kila wilaya iwe na kasma yake ya upelelezi, yaani kifungu chake cha fedha, na OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, apewe masurufu (fedha za kutanguliziwa) anayoyarejesha kwa stakabadhi zenye namba ya jalada. Najua atatokea wa kusema zitaliwa. Huenda baadhi. Lakini hizo CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anaweza kuzikagua, ilhali mafuta anayochangia mlalamikaji leo hayana hata risiti.

Kwa hiyo Bunge la bajeti likikaa tena, wabunge wetu wayaache magari kwa siku moja. Waulize katika matumizi mengineyo ya Polisi, yale yasiyo mishahara, ni shilingi ngapi zilimfikia OC-CID wa Uvinza kwa ajili ya upelelezi, na zilimfikia mwezi gani wa mwaka wa fedha.