Makambi ya vijana Nyanda za Juu: ratiba iachwe wazi kiasi gani?

Likizo ya Juni ikikaribia, kamati za makambi ya vijana huku kwetu, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Mbeya na Tukuyu, huanza vikao vya kupanga ratiba. Yapo makambi ya makanisa, ya skauti, ya vyama vya wanafunzi, ya vikundi vya wakulima vijana. Siku hizi kwenye vikao hivyo kuna hoja inayowagawa watu wazima wenye nia njema: sehemu ya ratiba iachwe wazi ili washiriki wenyewe waandae na kuendesha vipindi, au kila saa ipangiwe mwezeshaji aliyealikwa kwa barua?

Wanaopinga wana sababu zao, na baadhi ni nzito. Mzazi aliyeuza gunia la viazi apate ada ya kambi anataka kujua mwanawe atafundishwa nini, na nani. Mfadhili anataka ripoti yenye mada na majina. Kijana akivunjika mguu, atakayeitwa kujieleza ni mkuu wa kambi. Na wapo wanaosema wazi kwamba kuacha mchana mzima bila mada ni kamati kukwepa kazi yake. Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike, maana ndiyo inayorudiwa zaidi vikaoni, na anayeirudia mara nyingi hajawahi kuona vipindi vya namna hiyo vikiandaliwa.

Hufanyika hivi. Bango kitita hubandikwa mahali pa wazi, likiwa na saa upande mmoja na mahali upande mwingine: ukumbini, uwanjani, jikoni, chini ya mti fulani. Mwenye jambo la kufundisha, kuonyesha au hata kuuliza anasimama, anataja jina lake na jambo lake kwa kifupi, kisha anaandika kwenye nafasi iliyo wazi. Wengine wanachagua pa kwenda. Ukiona ulipo hujifunzi wala huchangii, unanyanyuka kimyakimya na kwenda kwingine, na mwenye kipindi haruhusiwi kununa. Utaratibu huu ulipewa umbo na Mmarekani Harrison Owen mwaka 1985. Kabla ya hapo alikuwa amehangaika muda mrefu kuandaa mkutano mkubwa, kisha wajumbe wakamwambia kilichowafaa kuliko vyote ni mapumziko ya kahawa. Aliyewahi kukaa kwenye semina ya siku tatu hahitaji kufafanuliwa. Kwetu pia mazungumzo ya maana hufanyika kwenye foleni ya makande.

Nimesikia ikisemwa kwamba haya ni mambo ya kuiga kutoka nje. Anayesema hivyo Rungwe au Kyela anasahau ya hapohapo. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia walioishi kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika jinsi wavulana wa umri wa miaka 10 au 11 walivyotoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji na kuishi huko na wenzao wa rika. Chakula walikula kwa mama zao, lakini kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Namna ya kuzungumza na watu, kumkaribisha mwenzio, kumaliza ugomvi bila kumkimbilia mzazi, walijifunza wao kwa wao. Baadaye walioa, na vibanda vile vikawa kijiji kamili.

Kuna sehemu ya habari hii inayosahauliwa na sisi tunaopenda vipindi vya washiriki. Wazee hawakuwa wamekaa pembeni tu. Ardhi waliitoa wao, mashamba waliyolima vijana wale yalikuwa ya baba zao, na siku ya kukabidhi madaraka kwa kizazi kipya ilipangwa na wakubwa. Vijana walijiendesha ndani ya mipaka iliyowekwa na kusimamiwa. Ukiondoa mipaka hiyo unabaki na watoto waliotelekezwa, na hapo wapinzani wa jambo hili wangekuwa na haki kabisa.

Sasa niseme kile ninachokithamini zaidi, nacho nilikiona kwenye kambi moja ya Desemba wilayani Rungwe. Kwa siku mbili mwezeshaji kutoka mjini alikuwa amefundisha ujasiriamali, na alifundisha vizuri. Katika siku hizo binti mmoja aliyekaa safu ya nyuma hakufungua mdomo hata mara moja. Bango lilipobandikwa aliandika maneno mawili: kubebesha parachichi. Mchana akaja na miche ya parachichi la kienyeji kwenye viriba, vikonyo vya Hass, yaani vijitawi vya parachichi la biashara vya kupachika kwenye miche hiyo, alivyovifunga kwenye kitambaa kibichi, wembe na vipande vya nailoni. Bibi yake ana kitalu, na yeye hushinda humo kila likizo.

Alikata ncha ya mche, akapasua shina katikati kwa wembe. Akachonga kikonyo pande mbili kikawa na umbo la kabari, akakichomeka kwenye mpasuko, kisha akasogeza macho karibu kabisa kuona kama ganda la kikonyo limekutana na ganda la shina. "Yasipokutana pande zote, yakutane hata upande mmoja," alisema, "la sivyo kitakauka tu." Akafunga kwa nailoni kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia ule wa chini yake, ili maji ya mvua yasiingie kwenye kidonda. Wenzake wakajaribu. Wa kwanza alikata kikonyo kifupi mno, wa pili alilegeza nailoni, na binti yule akawashika mikono na kuwarekebisha bila kuwacheka.

Kijana wa Makete akauliza kama mche kama ule utahimili barafu ya Juni kwao. Binti akajibu kwamba hajui, kwao barafu haianguki. Hapo akadakia mwingine aliyetoka Njombe: kwao miche michanga hujengewa kijibanda cha nyasi mpaka ikomae, na upande wa bondeni hawapandi kabisa kwa sababu baridi hutuama huko. Mazungumzo yakahama kutoka kwa mwalimu mmoja yakaenda kwa watu watano, kila mmoja akieleza shamba la kwao.

Jambo hilo nimelifikiria sana tangu siku ile. Mwezeshaji wa ujasiriamali aliondoka na nauli na posho yake, akaacha karatasi ambazo nyingi zilibaki kwenye magodoro. Waliokaa na binti yule chini ya mti walipeana namba za simu. Yule wa Makete sasa anajua kuna mtu Njombe anayeijua barafu, na kuna mtu Rungwe anayejua kubebesha, na wote wawili ni wa umri wake, hawahitaji kuandikiwa barua wala kulipiwa hoteli. Kikonyo kikikauka anapiga simu jioni hiyohiyo. Katika mikoa hii ambako parachichi limekuwa zao la biashara kubwa na ambako kijana hununua mche uliobebeshwa ambao angeweza kujibebeshea mwenyewe, mtandao huo wa watu watano una faida ya kuingia mfukoni. Mwalimu wa kualikwa hawezi kuuacha nyuma yake, hata awe hodari namna gani, kwa sababu waliomsikiliza walimtazama yeye na hawakutazamana.

Na binti mwenyewe? Jioni ile alisimama kwenye foleni ya chakula akiulizwa maswali na watu ambao asubuhi hawakujua jina lake. Sitaki kulikuza jambo hilo kupita kiasi. Lakini mada yoyote ya kujiamini ingehubiriwa kwa saa mbili bila kumpa kile alichokipata kwa saa moja na wembe.

Hata hivyo, si kila kitu kinafaa kuachiwa duara la washiriki. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio kila wiki, wakajadili na kuamua wenyewe wafanye nini kijijini kwao. Wengi walichimba vyoo. Viongozi wa vikundi walikuwa wanakijiji wenzao waliopewa mafunzo mafupi. Lakini maarifa ya malaria na kuhara yaliandaliwa na wataalamu, yakaja kwenye kijitabu na redioni. Kambi zetu zifuate mpangilio huohuo. Kipindi cha uzazi, cha dawa au cha afya ya akili kikiandikwa bangoni na mshiriki, kiendelee, ila muuguzi akae humo ndani na awe na ruhusa ya kusahihisha. Safari ya kushuka Ziwa Ngosi, kwenye mteremko ule wenye utelezi, haianzi bila mtu mzima anayeijua njia. Vipindi vyote vifanyike mahali pa wazi, panapoonekana, na jua likishazama watu warudi ukumbini, kwa usalama wao na kwa baridi ya Juni.

Pingamizi zito kuliko yote, kwangu, silisikii kabisa vikaoni. Bango lililo wazi kwa kila mtu hujazwa na wachache. Wavulana wa sekondari za mjini, wenye maneno mepesi, hufika kwanza na kuchukua nafasi tatu nzuri za mchana. Kwenye makambi ambako washiriki hupika kwa zamu, ukienda asubuhi bango linapojazwa utawakuta wasichana wakisugua masufuria. Hakuna aliyewakataza kuandika, ila nafasi zimekwisha kabla hawajakausha mikono. Mwezeshaji wa kualikwa angalau anaweza kuagizwa awape zamu ya kusema. Bango halina wa kuliagiza hivyo. Anayeacha ratiba wazi kisha akaenda kuota moto anawarithisha wenye sauti kubwa kambi nzima, na ataita matokeo hayo uhuru.

Kwa hiyo ule usemi kwamba kamati inakwepa kazi nauona umepinda. Kazi yenyewe ndiyo inaongezeka. Bango libandikwe tangu jioni ya jana yake, si asubuhi ya vyombo. Matroni apite mabwenini akiuliza mmojammoja: wewe nyumbani kwenu mnafanya nini ambacho wengine hawakijui? Nusu ya majibu yatakuwa "hakuna", na hapo aulize tena, kwa maana aliyelelewa kwenye mizinga ya nyuki Mufindi hadhani kama hicho ni kitu cha kufundisha. Kamati inunue vifaa, nailoni, unga, kamba, karatasi, ili asiye na hela naye awe na kipindi. Na awepo mtu mzima ambaye kazi yake ni kuzunguka na kutafuta kipindi ambacho hakuna aliyekwenda. Nimewahi kumwona mvulana amesimama peke yake na ubao wake wa bao, akijifanya anapanga kete upya. Kuketi naye na kucheza hakugharimu kitu, ila lazima mtu awe amepewa kazi hiyo.

Posho ni jambo fupi: washiriki wasilipwe kwa kufundishana, la sivyo mwaka unaofuata bango litajaa wanaotafuta hela.

Kwa kambi ya siku nne, mimi ningeacha wazi mchana wa siku ya pili na mchana wa siku ya tatu. Siku ya kwanza watu hawajafahamiana, na ya mwisho inaliwa na risala, mgeni rasmi na mizigo. Asubuhi zote zibaki na waalikwa wake. Mfadhili apewe picha za bango lililojaa pamoja na idadi ya waliohudhuria kila kipindi. Ni ripoti nzuri kuliko majina ya mada. Mzazi naye aambiwe kabla ya kulipa ada kwamba mwanawe ataombwa kufundisha, ili aje na kifaa chake kutoka nyumbani. Na kamati ambayo haina watu wazima wa kutosha kukaa karibu na vipindi vitano au sita kwa wakati mmoja ianze na vipindi viwili tu, au ingoje mpaka itakapowapata.